Kutoka Rakini Hadi Miguuni: Safari ya Mitambo ya Gitaa la Umeme

Upana wa inchi 19 haukupangwa na mwanamuziki. Ni kipimo kilichowekwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya fremu za kubebea mitambo ya simu, ili kifaa cha kiwanda chochote kiingie kwenye fremu ileile na kukazwa kwa skrubu. Kimo nacho kikahesabiwa kwa ngazi za inchi 1.75. Vituo vya redio vikakirithi kipimo hicho, studio za kurekodi zikakipokea, na hatimaye kikafika jukwaani, nyuma ya mpiga gitaa, ambako wanamuziki wanakiita raki. Kifaa cha sakafuni hakina ukoo wa namna hiyo. Kilizaliwa kwa sababu moja tu: mikono yote miwili ya mpiga gitaa ina kazi, na mguu uko huru.

Leo mtu anayetafuta mtambo wa kidijitali wa gitaa, wa jukwaani na wa studio, hukutana na koo hizo mbili zikiwa zimebeba karibu akili ileile ndani. Swali huulizwa kana kwamba kimoja kina sauti nzuri kuliko kingine. Ukiifuata historia yake utaona kwamba kinachobishaniwa tangu mwanzo ni kazi: nani anabadilisha sauti katikati ya wimbo, akiwa amesimama wapi, na mzigo unabebwa na nani.

Sanduku la kwanza la mguu lililopata jina kubwa lilitokana na hitilafu. Studio moja mjini Nashville ilikuwa ikirekodi wimbo wa Marty Robbins, Don't Worry, uliotoka mwaka 1961, pale sehemu ya mikseri ilipoharibika na gitaa la besi la nyuzi sita la Grady Martin likaanza kukwaruza. Mkwaruzo ule waliuacha ndani ya wimbo. Fundi sauti Glenn Snoddy akachunguza kilichotokea, akabuni sakiti ya transista iliyoweza kuitoa sauti ile kwa makusudi, na kampuni ya Gibson ikaiingiza sokoni mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwanzoni ilidoda. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones aliikanyaga kwenye Satisfaction, na shehena iliyokuwa ikikaa madukani ikaisha.

Kuanzia hapo sakafu ilijaa. Pedali ya wah ilifika 1967, na mwaka 1977 kampuni ya Boss ya Japani ilianza kutoa pedali zake ndogo za chuma ambazo umbo lake halijabadilika hadi sasa. Mpiga gitaa wa mwishoni mwa miaka ya 1970 angeweza kuwa na pedali sita au nane zilizounganishwa moja baada ya nyingine, kila moja na betri yake. Tabu yake ilikuwa kubwa. Sauti ya gitaa ilipita ndani ya kila sanduku, mara nyingi hata lile lililozimwa, na ilipofika kwenye amplifaya ilikuwa imefifia na kuokota mvumo njiani. Kutoka ubeti kwenda kiitikio kulimtaka azime mbili na kuwasha tatu, gizani, huku anaimba, na bila kupoteza pigo.

Wakati huohuo studio zilikuwa zinapata mitambo ambayo sakafu isingeweza kuibeba. Eventide ilitoa H910 mwaka 1975, mashine iliyopandisha na kushusha noti kwa njia ya dijitali. Lexicon ikafuata mwaka 1978 na modeli ya 224, iliyojenga mwangwi wa ukumbi mkubwa kwa hesabu za kompyuta. Chipu zilikuwa nyingi, zilitoa joto, zilitaka transfoma nzito na nafasi ya hewa. Raki ndiyo ilikuwa makazi pekee yaliyozifaa. Mpiga gitaa aliyesikia sauti yake ikipita kwenye mashine hizo wakati wa kurekodi, kisha akarudi jukwaani na pedali zake, alijua vizuri alichokikosa.

Aliyeunganisha dunia hizo mbili ni Bob Bradshaw, fundi wa Los Angeles, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wazo lake ni rahisi kulieleza, na nadhani halijapewa heshima linayostahili nje ya duru za mafundi. Aliziondoa pedali miguuni, akaziweka kwenye droo za raki pamoja na mashine za studio, kila moja ikiwa na njia yake ya kuingia na kutoka. Sauti ya gitaa ilipita kwenye kifaa pale tu kilipoitwa; kisipoitwa, ilikizunguka kana kwamba hakipo. Miguuni alibakiza ubao wa swichi usiopitisha sauti hata kidogo, unaotuma amri peke yake. Mguu ukikanyaga mara moja, vifaa vitano vinabadilika pamoja.

Ndiyo maana nasema raki haikuwahi kuishinda sakafu. Hata ilipofika kileleni iliendeshwa na mguu. Bradshaw alichohamisha ni mitambo. Uamuzi aliuacha palepale, chini, mbele ya mwanamuziki.

Mwaka 1983 lugha ya MIDI ilizinduliwa, na kazi hiyo ikawa nyepesi zaidi. Vifaa vya kampuni zilizokuwa zikishindana vikaanza kuelewana kwa waya mmoja wa pini tano: ubao wa sakafuni ukituma namba, kila mashine rakini inafungua mpangilio wenye namba hiyo. Steve Lukather wa Toto, Michael Landau, Eddie Van Halen na wengine wakajengewa raki zenye kimo cha friji. Van Halen alitumia mpango wa spika tatu: katikati sauti kavu ya amplifaya, kushoto na kulia mwangwi na marudio. Sauti hiyo pana, inayong'aa na isiyo na mkwaruzo hata kidogo pale usipotakiwa, iko kwenye nyimbo nyingi za pop za Marekani za muongo ule. Mtu anaweza kuipenda au kuichoka, lakini ilikuwa kazi ya mafundi waliojali kila waya.

Gharama yake ilikuwa kubwa, na uzito wake ulitaka watu wa kubeba na fundi wa kuilinda. Mpiga gitaa wa kawaida hakuwa na lolote kati ya hayo. Kwa ajili yake viwanda vya Japani vilianza kuvishusha vifaa hivyo chini: Boss ilitoa ME-5 mwishoni mwa miaka ya 1980, athari kadhaa za sauti ndani ya ubao mmoja wa sakafuni wenye kumbukumbu, na katikati ya miaka ya 1990 Zoom ikaleta 505, kisanduku cha plastiki cha bei ambayo mwanafunzi angeweza kuiweka akiba. Sauti yake haikufika popote karibu na ile ya raki za Los Angeles. Lakini ilifika mikononi mwa vijana ambao wasingeiona raki hiyo maisha yao yote, na kwa hilo naiheshimu.

Huko Marekani, mwaka 1991 ulipokuja na bendi ya Nirvana, raki ilianza kuonekana kama fahari ya kizazi kilichopita. Picha iliyobaki vichwani ni ya Kurt Cobain wa bendi hiyo na pedali zake mbili tatu za bei ya chini. Ni kweli alizitumia. Lakini nyuma yake jukwaani alikuwa na priampu ya Mesa/Boogie iliyolisha amplifaya za nguvu za Crown, vifaa vya raki. Mitindo hubadilika haraka kuliko mizigo ndani ya lori.

Mageuzi makubwa hayakutoka jukwaani. Yalitoka kwa watu waliotaka kurekodi nyumbani. Tom Scholz, mhandisi aliyesoma MIT na kuanzisha bendi ya Boston, alitoa Rockman mwaka 1982, kifaa kidogo cha mkononi kilichotoa sauti ya gitaa iliyokamilika moja kwa moja kwenye hedifoni au kwenye tepu. Def Leppard walikitumia kwenye albamu ya Hysteria ya mwaka 1987. Kisha mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ya California ikatoa POD, kifaa chekundu cha mezani kilichoiga kwa hesabu za kompyuta tabia za amplifaya maarufu pamoja na maboksi yake ya spika. Mtu alirekodi saa nane za usiku na jirani asijue. POD ikatoka pia kama kifaa cha raki, na baadaye kizazi kilichofuata kikatoka na toleo la sakafuni, POD xt Live. Akili moja, miili mitatu. Uchaguzi kati ya raki na sakafu kama tunavyoujua leo ulianzia hapo.

Raki ilipata pumzi mpya mwaka 2006, Cliff Chase alipotoa Axe-Fx kupitia kampuni yake ya Fractal Audio. Alichagua raki kwa sababu ileile ya Lexicon: alitaka nguvu ya kuchakata ambayo vifaa vya sakafuni vya wakati huo havikuwa nayo. Mwaka 2011 Mjerumani Christoph Kemper, aliyekuwa tayari na jina kwa kinanda cha Virus, akaonyesha Profiler, mashine inayotuma sauti za majaribio ndani ya amplifaya halisi, kusikiliza kinachotoka kupitia maikrofoni, kisha kuhifadhi tabia ya amplifaya hiyo.

Wengi bado waliona ni vitu vya studio. Tarehe 8 Desemba 2013 Metallica walipiga Antaktika, ndani ya kuba la plastiki karibu na kituo cha utafiti cha Carlini cha Argentina. Mazingira ya huko yanalindwa, na makelele ya tamasha la metali hayakuruhusiwa. Hapakuwa na amplifaya wala spika. James Hetfield na Kirk Hammett walipitisha magitaa yao kwenye Axe-Fx II, na hadhira ndogo ya wanasayansi na washindi wa shindano ikasikiliza kwa hedifoni. Aliyesimama nje ya kuba angesikia ngoma na sauti kavu ya mwimbaji, basi. Bendi iliyojulikana kwa kuta za spika ilifanya tamasha zima bila hata moja, na baada ya hapo ikaendelea kutumia Fractal kwenye ziara zake.

Sakafu ilijibu haraka. Mwaka 2015 Line 6 ilileta Helix, ya sakafuni na ya raki, zenye uwezo uleule wa kuchakata. Kemper akatoa Stage ya sakafuni mwaka 2019. Fractal ikashusha injini yake kwenye FM3, kisha FM9. Neural DSP ya Helsinki ikaanza kusambaza Quad Cortex mwaka 2021, yenye skrini ya kugusa, na swichi zake za mguu unazikanyaga na pia unazizungusha kwa vidole kama vifundo vya amplifaya.

Sasa mtu achague nini? Tofauti za nguvu hazijafutika kabisa: FM3 inabeba amplifaya moja ya kuigwa kwa wakati mmoja, FM9 mbili, na Axe-Fx III ya raki bado ndiyo kubwa katika familia hiyo. Ila mpiga gitaa anayehitaji kupita kiwango cha ubao mmoja wa sakafuni ni nadra. Mpiga sebene, kwa mfano, anataka sauti safi, yenye ncha, na marudio mafupi yasiyomeza vidole. Hilo kifaa kidogo cha sakafuni kinalimaliza, na kinaingia kwenye begi la mgongoni pamoja na nyaya.

Raki ina hoja yake pale jukwaa linapokuwa kubwa. Hammett kwa miaka mingi ameiweka wah yake rakini, nyuma, na kusambaza pedali za kuiongoza sehemu mbalimbali za jukwaa, ili popote atakapokuwa mguu wake uikute. Raki pia inakaa mbali na mvua, jasho na soda inayomwagika, na fundi anaweza kubadilisha sauti kwa niaba ya mwanamuziki. Lakini ukiwa huna fundi, raki inakudai vitu vitatu badala ya kimoja: mashine yenyewe, ubao wa mguu wa kuiendesha, na waya mrefu kati yao ambao mtu ataukanyaga. Bendi ya harusi inayofika ukumbini saa moja kabla ya maharusi haina nafasi ya hilo.

Studioni mambo hugeuka. Raki iko usawa wa mkono, ina matundu mengi ya kuingizia na kutolea, na haikulazimishi kuinama kila unapotaka kupunguza besi. Ina kasoro moja isiyotajwa sana madukani: baadhi zina feni, na feni hiyo ikiwa chumba kimoja na maikrofoni ya mwimbaji, itaingia kwenye wimbo. Kifaa cha sakafuni kikiwekwa mezani na kuunganishwa na kompyuta kwa USB hufanya karibu kazi yote hiyo, pamoja na ile ninayoiona kuwa zawadi kubwa kuliko zote za teknolojia hii: kurekodi gitaa kavu, kisha kulipitisha tena baadaye kwenye amplifaya nyingine hadi upate sauti inayoketi ndani ya wimbo.

Chochote utakachonunua, kijaribu kwenye spika utakazopigia. Mtambo unaokwenda kwenye mikseri ya ukumbi unatakiwa uwe umewasha uigaji wa boksi la spika. Ukienda kwenye boksi halisi la gitaa, uigaji huo uzimwe. Ukikosea upande mmoja gitaa litatoka kama limefungwa blanketi, ukikosea wa pili litachoma masikio, na fundi sauti atahangaika na mikseri usiku mzima akitafuta kosa lililoko kwenye menyu yako. Tenga mipangilio miwili, ipe majina yasiyofanana, na uijaribu yote kabla watu hawajaketi.