Kutoga masikio si kitu cha jana

Leo tunaandika juu ya jambo ambalo limeleta maneno mengi kati ya vijana na wazazi, na hata kati yetu na watu wa misaada: kutoboa masikio, pua na sehemu zingine za mwili.

Kilichotusukuma ni hiki. Mdada mmoja wa kikundi chetu, miaka 17, alitobolewa sikio upande wa juu, pale penye gegedu, kwa sindano ya kushonea nguo. Ile sindano ilikuwa imeshatoboa wenzake watatu siku ileile, kila mara inafutwa kitambaa tu. Siku ya nne sikio limevimba, linawaka moto. Hakwenda kwa muuguzi. Alijifunga kitambaa kichwani akasema anasikia baridi. Kwa nini? Kwa sababu msichana mwingine kabla yake alienda kutibiwa pua yenye usaha, akahubiriwa kwanza: eti huo ni uzungu, ni tabia za mjini. Habari ikaenea. Huyu wetu alipokubali kwenda, siku zilikuwa zimepita. Sikio limepona, lakini kwa juu limekunjika na halitarudi lilivyokuwa.

Basi tukaanza na hilo neno, uzungu. Ni kweli?

Tazameni kwanza lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina neno kutoga, maana yake kutoboa sikio ili kuvaa pambo. Sehemu laini ya chini ya sikio inaitwa ndewe. Pambo la duara linalojaza tundu lake ni jasi, na lile la puani ni kipini. Lugha haiwezi kuwa na maneno yote hayo kwa kitu kilichofika jana na simu. Katika picha za kale za Zanzibar, Lamu na Mombasa utawaona akina mama wamevaa majasi makubwa, mengine ya fedha, mengine ya karatasi za rangi zilizokunjwa vizuri.

Kuna na ushahidi wa kuandikwa. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar aliyezaliwa 1844, baadaye akaitwa Emily Ruete, alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anaeleza jinsi mtoto wa kike alivyotobolewa masikio akiwa bado mchanga, si tundu moja bali kadhaa kwa kila sikio, uzi wa hariri ukipitishwa humo. Pete za dhahabu zilikuja baadaye. Angalieni hapo: uzi kwanza, dhahabu baadaye. Tutarudi kwenye hilo.

Na si pwani tu. Wanawake wa Kimakonde, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, walivaa ndonya, kipande cha mti kwenye mdomo wa juu. Kilianza kidogo kikaongezwa ukubwa polepole. Wamasai hutoboa sikio la kijana, wavulana na wasichana, kisha hulipanua kwa vipande vya mti mpaka ndewe inaning'inia. Wazee wengine walipata hata kuvaa makopo madogo humo, na walipendeza.

Huku kwetu kwenye maziwa, misafara ya wafanyabiashara wa karne ya 19 ilitoka pwani ikapita Tabora mpaka Ujiji, na Kiswahili kikavuka ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Congo na ng'ambo ya Burundi. Mpaka leo mtaa wa Buyenzi pale Bujumbura unajulikana kwa Waswahili wake. Warundi wakitaja hereni wanasema amaherena. Sikieni wenyewe yanavyofanana. Sisi tunaona hilo ni alama ya njia ileile.

Wanaume wanaosema hereni ni za wanawake peke yao, nao tuna neno nao. Maiti ya yule mtu wa kale aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, anaitwa Ötzi, ina miaka zaidi ya 5,000 na masikio yake yametobolewa na kupanuliwa. Tutankhamun, mfalme kijana wa Misri, masikio yake yalitobolewa. Ule mtindo wa kisasa wa kutoboa kitovu, nyusi na ulimi kama burudani ulipata nguvu Marekani miaka ya 1970, pale Jim Ward alipoanzisha biashara yake ya Gauntlet huko Los Angeles mwaka 1975. Kwa hiyo, jameni, Wazungu wenyewe wamechelewa.

Lakini tusidanganyane. Wazee wengine wanatuambia zamani watu walitobolewa kwa mwiba na hakuna aliyeumwa. Hapo hatukubali. Pepopunda inakaa kwenye udongo na mavi ya wanyama, na mwiba hauogopi. Walioumwa walikuwepo, ila hawako tena wa kutusimulia. Kilichokuwa kizuri kwa wazee ni kingine: kazi ilifanywa na mtu anayejulikana, kidonda kilipewa muda wake, na hakuna aliyejificha na sikio lake. Sisi tumechukua tundu tukaacha hayo.

Sasa hayo ya usalama, kama tulivyofundishwa. Sindano iwe mpya, ya hospitali, itumike kwa mtu mmoja mara moja, halafu itupwe kwenye boksi lake. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7, hata damu ikiwa imekauka na haionekani. Kupitisha sindano kwenye moto wa kiberiti hakutoshi. Kuchemsha kunaua vijidudu vingi, si vyote. Vyombo vya chuma vinataka mvuke wenye presha, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Ile bunduki ya plastiki ya kutobolea haivumilii mvuke huo, na kwenye gegedu inaponda badala ya kutoboa. Anayetoboa anawe mikono na avae glovu mpya.

Pambo la kwanza liwe la titani, chuma cha hospitali au dhahabu nzuri. Zile herini za bei rahisi za sokoni mara nyingi zina nikeli, na ngozi za wengi zinaikataa. Kidonda kinasafishwa kwa maji ya chumvi: gramu 9, karibu kijiko kimoja na nusu cha chai, kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Usitie spiriti, usizungushe hereni kila saa. Ndewe inapona kwa wiki 6 mpaka 8. Gegedu inaweza kuchukua miezi 4 mpaka mwaka, kitovu hivyohivyo. Mwenye ukoo wa makovu yanayovimba kupita kidonda afikirie mara mbili. Ulimi na sehemu za siri, hapa kambini tunasema hapana kabisa. Na aliye chini ya miaka 18, mzazi ajue.

Kama kuna joto, maumivu yanayozidi, usaha au homa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na hereni usiitoe mwenyewe, maana tundu linaweza kujifunga na usaha ukabaki ndani.

Kwenu ndugu zetu wa misaada, tunaomba kitu kimoja: mtibu kwanza. Maneno mengine tutayasikia tukiwa tumepona. Na muulize kama chanjo ya pepopunda imekamilika, wengi wetu karatasi zilibaki njiani.

Yule mdada siku hizi anavaa hereni kwenye ndewe tu. Sindano ya kushonea tumemrudishia mwenyewe, anashonea nguo.