Damu Isiyopata Hukumu

Aghalabu watu hudhani kwamba hukumu ikishatolewa, kisa kimekwisha. Mauti ya Seth Sendashonga yatuonya tusidhani hivyo.

Sendashonga alikuwa Mhutu aliyejiunga na chama cha RPF, ambacho wengi wa wakuu wake walikuwa Watutsi. Chama hicho kiliposhika serikali ya Rwanda mwezi Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari, alifanywa Waziri wa Mambo ya Ndani. Cheo hicho kilimletea habari za raia wa pande zote za nchi, na nyingi zilikuwa habari za msiba. Alimwandikia Paul Kagame, aliyekuwa makamu wa rais na waziri wa ulinzi, barua nyingi juu ya watu waliouawa na askari. Aprili 1995 kambi ya Kibeho ikavunjwa kwa risasi: serikali ilitaja wafu 338, bali askari waganga wa Australia waliokuwapo walikisia maelfu. Agosti akaondolewa katika baraza la mawaziri, naye akakimbilia Nairobi.

Huko aliwindwa mara mbili. Februari 1996 alipigwa risasi akapona. Mtumishi wa ubalozi wa Rwanda alikamatwa na bastola. Rwanda ikakataa kumwondolea kinga ya kibalozi, na Kenya ikaufunga ubalozi huo. Tarehe 16 Mei 1998 alishambuliwa tena akiwa garini, akafa pamoja na dereva wake. Rwanda ilikana kuhusika. Watu watatu walishtakiwa, na mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Kenya ikawaachia huru.

Haifai kuilaumu mahakama, maana kumtia mtu hatiani bila ushahidi wa kutosha ni kuongeza dhuluma juu ya dhuluma. Lakini mahakama iliulizwa swali moja tu: je, hawa watatu ndio waliomwua? Iliposema sivyo, haikusema kwamba hakuna aliyemwua.

Hapo ndipo kazi ya mwanahistoria inapoanza. Hana ruhusa ya kumhukumu asiyehukumiwa. Wala hana ruhusa ya kunyamaza. Yampasa kuzihifadhi barua, tarehe na hesabu zinazopingana, kila moja mahali pake, ili atakayeuliza kesho asikute ukurasa mtupu. Marehemu mwenyewe alilijua hilo: alipokuwa waziri hakuweza kuwazuia wauaji, lakini aliandika.