Tukio la Entebbe

Tukio la Entebbe lilikuwa utekaji nyara wa ndege ya abiria ya Ufaransa mwaka 1976, uliokomeshwa na shambulio la wanajeshi wa Israeli katika uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Sehemu kubwa ya mfuatano wa mambo inakubalika na pande zote, ila tafsiri yake na baadhi ya idadi zake bado zinabishaniwa.

Mfuatano wa matukio

Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France, safari namba 139, iliondoka Tel Aviv kwenda Paris kupitia Athens. Baada ya Athens ilitekwa na watu wanne: Wapalestina wawili wa kundi lililotokana na PFLP na Wajerumani wawili. Ilitua Benghazi, Libya, kisha Entebbe tarehe 28 Juni. Watekaji walidai wafungwa 53 waachiwe, 40 kati yao wakiwa Israeli. Abiria wengi wasio Waisraeli waliachiwa kwa mafungu mawili. Mateka zaidi ya 100 walibaki, pamoja na wahudumu wa ndege.

Ndege nne za Israeli aina ya Hercules zilisafiri takriban kilomita 4,000 na kutua Entebbe usiku. Mateka watatu walifariki katika mapigano, pamoja na watekaji, wanajeshi wa Uganda na kamanda wa Israeli Yonatan Netanyahu. Wakati wa kurudi, ndege hizo zilijazwa mafuta Nairobi.

Majina ya tukio

Israeli huita shambulio hilo uokoaji, na baadaye ililipa jina la Operesheni Yonatan. Serikali ya Uganda iliita uvamizi. Majina yote mawili yana hukumu ndani yake, hivyo msomaji anapaswa kujua nani anasema.

Mambo yanayobishaniwa

*Idadi ya vifo.* Vyanzo hutaja wanajeshi wa Uganda waliouawa kati ya 20 na 45.

*Kutenganishwa kwa mateka.* Vitabu vingi husema Wayahudi walitengwa na wengine. Baadhi ya mateka wenyewe wameeleza kuwa kigezo kilikuwa pasipoti ya Israeli, ingawa Wayahudi wachache wa nchi nyingine walijumuishwa.

*Nafasi ya Idi Amin.* Rais huyo wa Uganda alijieleza kuwa mpatanishi. Israeli ilimshutumu kwa kushirikiana na watekaji.

*Nafasi ya Kenya.* Kenya ilikana kuhusika. Wakenya waliokuwa Uganda waliandamwa baadaye, na wengi waliuawa.

Suala lililotatuliwa kwa ushahidi

Dora Bloch, mateka mzee mwenye uraia wa Uingereza na Israeli, alikuwa amelazwa Hospitali ya Mulago wakati wa shambulio. Serikali ya Uganda ilidai alikuwa amerudishwa uwanjani kabla yake. Hata hivyo, afisa wa ubalozi wa Uingereza alimwona hospitalini baada ya shambulio. Mabaki ya mwili wake yalipatikana mwaka 1979, Amin alipokuwa ameondolewa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda. Hapa kauli ya Uganda haiwezi kupewa uzito sawa na ile iliyothibitishwa.

Baraza la Usalama

Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilijadili tukio mwezi Julai 1976. Rasimu ya Marekani na Uingereza, iliyolaani utekaji nyara, ilipata kura 6. Nchi 2 hazikuegemea upande wowote na 7 hazikushiriki kupiga kura. Rasimu ya Benin, Libya na Tanzania, iliyolaani kukiukwa kwa mamlaka ya Uganda, haikupigiwa kura. Tanzania iliitetea mipaka ya Uganda ijapokuwa Rais Julius Nyerere hakuutambua utawala wa Amin. Hivyo kulaani shambulio hakukuwa lazima kumaanisha kumuunga mkono Amin.