Jambazi Anayeliliwa na Mama

Katika wilaya ya Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi, ipo kata iitwayo Ulaya. Mwenyeji wake anaweza kuaga kwamba anakwenda Ulaya, na asihitaji pasipoti wala meli. Ulaya ile nyingine, ya ng'ambo, pamoja na Marekani ambayo wazee wengi waliijumuisha humo humo, watu wa bara na wa visiwani waliijua kwanza kwa picha: vivuli vilivyotembea juu ya kitambaa cheupe, vikavuta sigara na kufyatua bastola.

Vivuli hivyo viliwatia hofu watawala. Mwaka 1935 ulianzishwa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, mradi wa kuwatengenezea Waafrika sinema zilizodhaniwa kuwafaa. Fedha zake zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York, na mmoja wa viongozi wake, Meja Notcutt, alikuwa amewahi kusimamia shamba la mkonge, zao lililoijenga Kilosa na Kimamba pia. Yeye aliamini kwamba sinema shambani ingewatuliza vibarua. Hadi mradi ulipokwisha mwaka 1937, sinema zake zilikuwa zimezungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Mojawapo ilihusu benki ya akiba ya posta: afukiaye fedha zake ardhini huibiwa, aziwekaye posta huzikuta salama. Mwizi yumo, lakini yumo ili fedha ziibwe tu. Hakuna amuulizaye ametoka wapi wala nani alimzaa.

Miaka hiyo hiyo Hollywood ilikuwa imekwisha kumpa mwizi wake jina na mama. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 hadi 1933, na marufuku hiyo iliwatajirisha wauzaji wa magendo kuliko biashara yoyote ya halali waliyoweza kuipata watoto wa wahamiaji maskini wa Chicago. Kutokana na hao zilizaliwa filamu tatu zilizoweka msingi: Little Caesar na The Public Enemy za mwaka 1931, na Scarface ya mwaka 1932. Katika ile ya pili, James Cagney ni Tom Powers, kijana katili, mcheshi, mwenye kumpenda mamaye. Mwisho wake hausahauliki. Mama yuko ghorofani akimtandikia kitanda kwa furaha, kwa kuwa ameambiwa mwanawe anarudi nyumbani. Mlango unabishwa, kaka anafungua, na maiti iliyofungwafungwa kama mzigo inaangukia ndani.

Wakaguzi wa Marekani walikasirika. Scarface ilicheleweshwa, ikabandikwa jina la ziada lililoiita aibu ya taifa, na ikatengenezewa mwisho mwingine ambamo jambazi hafi kwa risasi za barabarani bali hufikishwa mahakamani na kunyongwa. Kanuni za maadili za mwaka 1930, zilizoanza kutekelezwa kwa ukali mwaka 1934, zilikataza huruma ya mtazamaji isielekee kamwe upande wa uhalifu. Ni amri ya ajabu hiyo, kuiamuru huruma pa kwenda! Watunzi waliitii kwa namna yao. Katika Angels with Dirty Faces ya mwaka 1938, wavulana wawili wanavunja behewa la treni. Mwenye mbio anaponyoka na baadaye anakuwa padri, asiye na mbio anakamatwa na anakuwa jambazi. Jambazi anapohukumiwa kiti cha umeme, padri anamwomba afe kwa woga, alie na kujikokota, ili watoto wa mtaani wanaomwabudu wamdharau. Anakataa. Kisha, mlangoni mwa kifo, anapiga mayowe. Je, alijifanya, au aliogopa kweli? Filamu haisemi, na sheria ikatimizwa huku huruma ikibaki pale pale ilipokuwa.

Unguja ilikuwa na jumba lake la Royal huko Vuga tangu 1921, na baada ya hilo kuungua, Majestic ilisimama mahali pale pale mwaka 1955. Tofauti na ilivyokuwa Afrika Kusini, hapa watu wa asili mbalimbali walikaa chini ya paa moja, wakitenganishwa na bei ya kiti. Filamu za Marekani zilikuwa na wapenzi wake, lakini Jumapili ilikuwa siku ya filamu za Kihindi. Ndipo tiketi zilipolanguliwa mlangoni na familia nzima zikatoka zimevaa. Na iliyopendwa kupita kiasi, Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, ni hadithi ya jambazi.

Hakimu mmoja anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Kwa imani hiyo aliwahi kumhukumu mtu asiye na hatia, na mtu huyo, akiwa sasa jambazi kwelikweli, anamteka mke wa hakimu kisha anamrudisha. Hakimu anamshuku mkewe mjamzito na kumfukuza. Mtoto, Raj, anakulia kwenye umaskini na kufundishwa wizi na jambazi yule yule. Damu ni ya hakimu, kazi ni ya mwizi. Mwishowe baba na mwana wanakutana mahakamani, na anayeumbuka zaidi si aliyeshitakiwa.

Swali hilo halikuwa la kubuni kwa vijana wa Afrika Mashariki. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1944 iliwaruhusu watawala kuwaondoa mijini Waafrika waliohesabiwa kuwa hawatakiwi. Vijana wasio na kazi Dar es Salaam waliitwa wahuni, wakakamatwa na kurudishwa makwao, na kwa wengi njia ya bara ilikuwa reli ya kati, ile ipitayo Kilosa. Katika miaka ya 1950 baadhi yao walivaa kama makauboi wa sinema, nao wakubwa wakaona hapo ushahidi kwamba sinema ndiyo iliyowaharibu. Neno lenyewe awaara maana yake ni mzururaji. Kijana aliyeponea chupuchupu kukamatwa kwa uzururaji Jumamosi, na Jumapili akamwona mzururaji akiihukumu mahakama, hakuhitaji mkalimani wa Kihindi.

Lakini mwambao ulikuwa na jambazi wake hata kabla ya kuwako taa ya sinema. Utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale, una mbinu ambayo Hollywood ingejivunia. Liyongo yumo gerezani Pate. Mama yake anampelekea mikate mizuri pamoja na mkate wa wishwa. Walinzi wanajilia mizuri na kumtupia mfungwa ule wa wishwa, ambao ndani yake mna tupa. Anaomba gungu lichezwe, na katika vishindo vya ngoma anakata minyororo yake.

Tofauti ipo katika kifo. Huko Chicago jambazi huuawa na askari au na genge la adui, yaani watu baki. Huku mkono ni wa nyumbani. Birju wa Mother India ya mwaka 1957 anapigwa risasi na mama yake mwenyewe. Vijay wa Deewaar ya mwaka 1975 anapigwa na ndugu yake askari, na anakata roho mapajani mwa mama. Liyongo alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe, aliyeahidiwa binti wa Sultani, na hakupata alichoahidiwa.

Liyongo, akiisha kuchomwa, alichukua uta wake akapiga goti karibu na kisima, mshale ukiwa tayari. Mji ukakosa maji. Kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kumkaribia kuona kama ni hai au ni maiti, na wakubwa wa mji, wenye askari na silaha, wakamtuma mama yake.