Mafuta ya kivumbasi

Mafuta ya kivumbasi ni mafuta yenye harufu kali yanayopatikana katika majani na maua ya mimea ya mwituni ya jenasi Ocimum (familia Lamiaceae), ambayo ni jamaa wa mrehani. Jina kivumbasi (pia: kivumbasha) halitaji spishi moja. Katika vitongoji vya nje vya Dar es Salaam, kama Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni au Chamazi upande wa Temeke, mimea inayoitwa hivyo hujulikana zaidi kwa kazi moja, kufukuza mbu. Kikemia, hata hivyo, spishi hizo hazifanani.

Spishi

Ocimum gratissimum ni kichaka kinachoweza kupita kimo cha mtu. Vitabu vya zamani huiita O. suave. O. americanum ni fupi, na huota hata kandokando ya njia. O. kilimandscharicum, iliyopewa jina la Kilimanjaro, ni ya sehemu za juu zaidi lakini hupandwa pia bustanini.

Kemia

Mafuta hukaa katika vitezi vidogo juu ya jani, ndiyo maana harufu hutoka jani likifikichwa. Hutolewa kwa kukenekwa kwa mvuke.

Katika O. gratissimum ya Afrika Mashariki kampaundi kuu kwa kawaida ni yujenoli (C10H12O2), ileile ya karafuu za Unguja na Pemba. Katika O. kilimandscharicum ni kafuri (C10H16O), ambayo watu wa pwani huijua kutokana na maziko. Molekuli zote mbili zina atomi 10 za kaboni, lakini yujenoli ina pete ya benzeni na ni kiowevu, ilhali kafuri haina pete hiyo na ni mango. Kwa hiyo pua ni kipimo cha kwanza kisicho kibaya: karafuu au kafuri?

Pua haitoshi, kwa sababu hata spishi moja ina aina za kikemia. O. gratissimum ya Afrika Magharibi mara nyingi ina thaimoli badala ya yujenoli, na O. americanum inaweza kuwa na kafuri, sitrali au methili sinamati kulingana na mahali. J. B. Chogo na G. Crank walichapisha uchunguzi wa O. suave ya Tanzania mwaka 1981. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, pamoja na wenzao wa Ugiriki, walilinganisha mafuta ya spishi nne zinazoota Tanzania.

Matumizi na tahadhari

Watu wengi huchoma majani jioni. Majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kuyapasha moto tu, bila kuyaunguza, hufukuza mbu vizuri zaidi. Moto wenyewe huharibu sehemu ya mafuta. Njia zote mbili hazichukui nafasi ya chandarua.

Huko Kakamega, wakulima hukeneka O. kilimandscharicum na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub.

Tofauti ya spishi ina uzito zaidi kwa watoto. Kafuri ikimezwa, hata kidogo, inaweza kuleta degedege, na mafuta yenye kafuri hayafai kupakwa puani mwa mtoto mchanga. Yujenoli isiyozimuliwa huwasha ngozi. Chupa iliyoandikwa "kivumbasi" pekee haimwambii mnunuzi ni ipi kati ya hizo aliyonayo.