Video fupi za elimu darasani

Video fupi za elimu ni filamu za dakika chache zinazofafanua dhana moja ya somo, kama mzunguko wa damu. Mfano mmoja wa video za elimu Afrika Mashariki, ingawa vipindi vyake ni virefu zaidi, ni Ubongo Kids, katuni za hisabati na sayansi zilizoanza kurushwa kwa Kiswahili nchini Tanzania mwaka 2014. Utafiti wa Morogoro kuhusu katuni nyingine ya watayarishaji haohao, Akili and Me, uliochapishwa 2018, ulionyesha kuwa watoto walioitazama kwa wiki chache waliwapita wenzao katika stadi kama kuhesabu na kutambua maumbo. Hata hivyo, ushahidi huo hauifanyi video kuwa mwalimu: mtoto anaweza kukodoa macho bila kufikiri. Faida hupatikana mwalimu anapoisimamisha, akauliza swali, kisha akarudi ubaoni.

Wapo wasemao kwamba nyenzo hii haifai Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako umeme ni haba na vita vimewahamisha wanafunzi wengi. Pingamizi hilo lina uzito, ila linajibika kwa sehemu: filamu iliyohifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu huchezwa bila mtandao, na betri huchajiwa kwa sola. Tena, Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa za Kongo, ilhali madarasa ya juu hufundishwa kwa Kifaransa. Maelezo ya Kiswahili huweza kuwa daraja. Lakini video haijengi darasa lililobomolewa, wala hailipi mshahara wa mwalimu.