Historia Iliyo Chini ya Kifuniko

Historia ya gemu za televisheni huandikwa kwa tarehe za Japani na Marekani. Nintendo ilitoa Family Computer, maarufu kama Famicom, tarehe 15 Julai 1983. Sony ikatoa PlayStation tarehe 3 Desemba 1994, kisha PlayStation 2 mnamo Machi 2000. Tarehe ni sahihi, lakini ukizisoma ukiwa Nakuru hazikuambii mengi. Mashine nyingi zilitufikia zikiwa nakala, au zikiwa zimeshatumiwa na wengine, na zikaendelea kuishi kwa sababu kuna fundi alizifungua. Ndiyo maana mimi husoma historia hii kwa bisibisi.

Uliza mtu aliyekulia Bondeni, Free Area au Section 58 kama aliwahi kucheza Famicom. Atakuambia hapana. Muulize kuhusu TV game na kaseti za manjano, na hutamnyamazisha. Kumbe ni kitu kilekile. Famicom ya Japani haikuwa na kufuli ndani yake, tofauti na ndugu yake, NES, iliyouzwa Marekani kuanzia 1985 ikiwa na chipu ya kukataa kaseti za wengine. Viwanda vya Taiwan, na baadaye China, vikachagua kunakili ile isiyo na kufuli. Hesabu meno ya kaseti yako ya zamani: yakiwa 60, asili yake ni Famicom. Ya NES yana 72.

Kenya nayo ilikuwa inafungua milango. Mwaka 1993 serikali iliondoa leseni za kuagiza bidhaa nyingi kutoka nje, na vitu vya bei rahisi vikapata barabara pana ya kufika madukani. Kaseti iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999999 ilikuwa na chache tu zilizorudiwarudiwa, na bado tuliipenda.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma kupatikana, na sina karatasi yoyote ya uhandisi. Nilichojifunza kuhusu umeme nilifunzwa na mzee mmoja wa hapa mjini, mwenye duka dogo la kurekebisha redio. Somo lake la kwanza lilikuwa 7805, kipande chenye miguu mitatu kinachopokea volti 9 kutoka kwa adapta na kutoa 5 ambazo mashine inahitaji. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, mara nyingi hicho ndicho huumia. Unakitoa, unalehemu kingine, na mashine inaamka.

Lakini nakala za miaka ya baadaye zilipunguzwa gharama mpaka kila kitu kikaingia kwenye chipu moja, imefunikwa tone jeusi la gundi ngumu. Tone hilo likifa, mzee hukunja mikono. Hakuna cha kubadilisha. Kwa hivyo zile mashine ambazo watoto wengi wa mtaani walizijua ndizo zinazopotea haraka zaidi, na hakuna makumbusho inayozililia.

PlayStation ilikuja na kufuli la aina nyingine. Karibu na katikati ya sidii halisi, mstari wa data huyumba kidogo kwa makusudi, na ndani ya kuyumba huko kuna herufi nne: SCEI za Japani, SCEA za Marekani, SCEE za Ulaya. Mashine ya kawaida ya kuchoma sidii haiwezi kunakili kuyumba huko. Fundi alilehemu chipu ndogo ya miguu minane, nayo ikawa inairudilia mashine herufi hizo mpaka ikubali. Kwa mwenye kibanda cha gemu, waya hizo chache ndizo zilizoamua kama ataweza kuweka sidii za bei ya mtaani na kututoza kwa mechi. Tuseme ukweli, kisheria ilikuwa kuiba kazi ya wengine, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Lakini ukiiondoa kwenye stori, hautaweza kueleza tulijifunzia wapi kucheza mpira wa vidole.

Baadaye lenzi za PlayStation 2 zikaanza kuchoka. Tangu 2008 kuna programu ya Free McBoot, inayokaa kwenye memori kadi na kuiruhusu mashine kuanzisha gemu bila kutegemea lenzi. Mashine nyingi ambazo zingekuwa zimefika jaa la Gioto bado zinawaka kwa sababu hiyo.

Wakubwa wamekuwa wakiandika kuhusu mafundi kwa muda mrefu. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya 1972 kuhusu Kenya ilisaidia kueneza wazo la sekta isiyo rasmi, na mwaka 1992 serikali ikatoa waraka mzima kuhusu biashara ndogo na jua kali. Mafundi wenyewe ndio hawakuandika. Ama ndivyo nilivyodhani, mpaka nilipoanza kufungua mashine zilizopita mikononi mwa mzee. Chini ya vifuniko kuna penseli: tarehe, kilichoharibika, kilichobadilishwa. Moja ina matengenezo manne ya miaka tofauti. Hiyo ni kumbukumbu ya mashine na ya familia iliyokataa kuitupa.

Sasa watu wananunua maganda mapya ya plastiki ili mashine ionekane mpya, na ganda la zamani linaenda na takataka, pamoja na maandishi yake. Macho ya mzee yamechoka na duka hufunguliwa siku chache kwa wiki. Kwa hivyo kabla ya kulehemu chochote, mimi hupiga picha upande wa ndani wa kifuniko. Kama nyumbani kwenu kuna TV game juu ya kabati, usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu bado. Kwanza ondoa skrubu usome.